Pacha Wangu Mabaka

Nikinusa kibuyu cha maziwa mgando kilichofukizwa moshi, hukisogeza kando hadi leo. Wenzangu hukimbilia kikombe. Mimi namkumbuka Mabaka, ng'ombe wa bibi yangu.

Bibi hakujua kusoma. Miaka yake aliihesabu kwa ukoo wa ng'ombe huyo. Wa kwanza alikuja kwa mahari yake, enzi za Mjerumani. Binti wa yule ndiye aliyekuwa akikamuliwa babu alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi. Mjukuu akawanusuru mwaka wa nzige. Mabaka alizaliwa wiki niliyozaliwa mimi, basi bibi akatuita mapacha. Sikupenda hata kidogo, maana pacha wangu alikuwa na pembe moja.

Nilipokuwa na miaka tisa ikaja amri ya serikali ya kupunguza ng'ombe. Ati wamezidi malisho; kila mji, yaani kila kaya, utoe wasiozaa, wapelekwe mnadani. Mabaka alikuwa ameacha kuzaa. Alfajiri moja bibi akamswaga hadi zizi la mjomba, kule Samuye, akarudi na vumbi hadi magotini.

"Mwanangu," akaniambia, "hili lisitoke mdomoni mwako."

Niliogopa, jamani. Wiki nzima nilikwepa watu, hata wenzangu wa kuchota maji wakadhani naumwa.

Siku ya nane nikakutana na mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, njiani kutoka kisimani. Nikatua mtungi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

Kwetu salamu haikatwi. Utaulizwa watu, utaulizwa mvua, utaulizwa mifugo, na mtoto aliyelelewa hujibu yote asibakize. Bibi alinifundisha hayo kwa kunivuta sikio.

"Na ng'ombe je?"

"Hawajambo, baba. Na yule aliyeko kwa mjomba naye hajambo."

Akatazama upande wa Samuye. Kisha, kwa adabu zake, akamalizia salamu kwa kuniuliza kuku. Nikajibu na kuku pia.

Siku mbili baadaye Mabaka alipitishwa mbele ya mji wetu, kamba shingoni, kuelekea mnadani Shinyanga. Bibi alisimama mlangoni hadi vumbi likatulia. Nikamwendea nikilia, nikamsimulia ile salamu, nikingoja fimbo.

"Umesalimia vizuri," akasema. "Ndivyo nilivyokufunza."

Heri angenichapa. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akihesabu miaka yake.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima. Katekista aliuliza umri, auandike msalabani. Baba yangu akaanza: ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa vita, ng'ombe wa nzige, Mabaka. Hapo akakwama, akageuka kutazama zizi. Msalaba ukaandikwa jina tu.

Nami nilikuwa nimesimama palepale kaburini, pacha wake Mabaka, umri wangu naujua hadi mwezi. Hesabu ingeendelea kwangu. Lakini siku hiyo, niliyefunzwa kujibu kila ninaloulizwa, nilishindwa kufungua mdomo.