Bahasha ya Vita vya Makaburu

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa akikusanya barua za askari wa Kiingereza waliokwenda kupigana na Makaburu kule Afrika Kusini. Tena si barua, bahasha. Ndani mliandikwa nini, hakujali. Alichotaka ni muhuri wa posta ya jeshi: umepigwa kambi gani, tarehe ngapi. Meza ya kulia kwenye flati yetu ya Thamesmead, huku Uingereza, ikawa yake, sisi tukala sahani magotini. Samaki nisikaange, eti mvuke. Nilichoka. Lakini niseme haki yake: hakuwa mlevi, na kazi ya kusafisha mabasi hakukosa hata siku moja.

Mwaka mmoja chama chao cha wakusanya stempu na bahasha kikamwalika aonyeshe zake. Miaka sita alikuwa akikaa kiti cha nyuma, Mwafrika peke yake, akitazama za wenzake. Mwezi mzima hakuwa na mazungumzo mengine. Ijumaa, siku moja kabla ya kuonyesha, yuko kazini, nikaiona ile bahasha anayoipenda kuliko zote, ina madoa. Nikasema ngoja nimsaidie. Nikailoweka kwenye beseni, stempu ikabanduka vizuri, nikavianika vyote juu ya taulo. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe tulipooana, kwa stempu za barua za nyumbani.

Aliporudi alikaa bila kuvua koti. Nusu ya muhuri ilikuwa kwenye stempu, nusu kwenye bahasha, na wino wa anwani umetawanyika. Akasema taratibu kwamba thamani yake ilikuwa ni vile viwili kukaa pamoja. Nikamjibu kwa ukali, hilo hukunifundisha. Na kweli hakunifundisha. Ila alinikataza kugusa meza, na hilo nalo ni kweli. Nimeliandika mara tatu kwenye daftari langu, kila mara mwenye kosa ni mwingine.

Jumamosi akaenda nayo hivyo hivyo. Nikapika, nikapakua mezani, nikangoja arudi na aibu yangu. Aliporudi nikauliza wamesemaje.

"Wamecheka, mama watoto. Halafu mzee mmoja akauliza, maji yalikuwa ya moto au baridi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema sikuwepo, nitamuuliza aliyeloweka."

Nikamwambia ya uvuguvugu. Akachukua penseli, akaandika kwenye karatasi ya maelezo chini ya bahasha, baada ya kambi na tarehe: Thamesmead, beseni, maji ya uvuguvugu.

Kisha akaniomba niondoe sahani mezani.