Kuni Kavu za Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba kule juu, upande wa Embu unaopakana na msitu wa mlima, jua ni kitu cha kusimuliwa. Ukungu unashuka saa kumi jioni na kuondoka kesho yake saa tano, ukipenda. Mimi ni mtu wa Gachoka, mtu wa joto na vumbi na mbuzi, na serikali ilipoona vyema ikanipandisha huko kufundisha Gredi ya Nne. Mwaka wa kwanza nilivaa sweta mbili na watoto wakanicheka. "Madam, hii bado si baridi." Watundu hao. Mwaka wa pili nilizoea. Ninaosimulia ni wa tatu, na mwaka huo sikusikia baridi hata kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Mama yangu alikufa mwezi wa nne. Tulimzika Ijumaa, shule zikafunguliwa Jumatatu, nikawa darasani nikichora duara ubaoni na kuligawa robo robo. Sikulia mazikoni, sikulia baadaye. Walimu wenzangu walisema, "Huyu mama ana nguvu." Nguvu gani! Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu. Nilikula kwa sababu ni saa ya kula. Nilisahihisha madaftari. Mtu akianguka mbele yangu ningemwambia inuka, kisha niendelee na safari.

Nitasema mapema, usije ukanisoma ukidhani hii ni habari ya mwalimu mwema. Muhula huo nilikaribia kumuua bibi mzee ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni, na mjukuu wake hakuwa na mtu mwingine hapa duniani.

Ilianza na mwalimu mkuu. Kila baridi ikifika shule yetu ilikuwa inazimika. Watoto hawaji, na wanaokuja wanakaa wamejikunyata, kamasi tupu, ukiuliza swali unajibiwa na kikohozi. Mzee akaniita ofisini. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na glavu, anashika kalamu kwa shida. Akaniambia, "Mwalimu, wewe hutikisiki. Nataka unishikie mambo ya maadili. Kila wiki thamani moja, pale paredini, wakiwa mstarini wote. Wajenge tabia hawa watoto, uwatie moyo kidogo. Tutafika mwezi wa nane tukiwa tumelala?"

Nikasema sawa. Siku hizo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Zile thamani zimeandikwa kwenye mtaala: upendo, heshima, umoja, na nyingine. Mimi nilichagua uwajibikaji, kwa kuwa niliona hauhitaji mtu kuhisi chochote. Unafanya kazi yako, basi.

Na kazi ilikuwepo. Pale shuleni kuna desturi kongwe kuliko ua wake: Jumatatu na Alhamisi kila mtoto anakuja na ukuni mmoja wa kupikia uji. Mwezi wa saba kuni zinafika zimelowa chepechepe. Mpishi wetu, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa anatoka jikoni macho mekundu, machozi yanamtiririka kwa moshi. "Hizi mnaniletea ni kuni ama ni sukumawiki?" Uji wa saa nne ukawa unaiva saa sita, watoto wanatetemeka wameshika vikombe vitupu.

Basi nikaweka sheria yangu. Anayeleta ukuni mkavu anakaa mbele ya foleni. Anayeleta wenye maji anakaa nyuma, na asiyeleta anamalizia mkia. Na mwenye ukuni mkavu kuwashinda wote anaitwa mbele ya paredi, anapigiwa makofi ya kilo, yale ya pamoja ya kuhesabiwa, na kuongezewa kikombe cha pili. Mwalimu mkuu alifurahi mpaka akavua glavu.

Hapa ndipo ugachoka wangu ulipotuponza. Kwetu ukuni mkavu ni kitu cha kuinama tu. Unatoka mlangoni, unaokota matawi ya mgunga yaliyokaukia hapo tangu juzi, unarudi. Kwamba kuna mahali mtoto anaweza kukosa ukuni mkavu, hilo halikuniingia akilini kabisa. Kule juu majani chai yanafika hadi kizingitini, miti michache iliyobaki inadondosha maji mchana na usiku, na msitu una uzio na askari. Wenye nyumba kubwa wanakausha kuni juu ya meko, kwenye dari ya vijiti. Asiye na mtu wa kumpasulia kuni, hiyo dari ataijaza na nini? Nafundisha watoto kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Mwenyewe sikuuliza.

Jumatatu ya pili msichana mmoja wa darasa langu alileta kipande cha mbao. Alikuwa mtoto wa kiti cha nyuma, sweta mikono imefumuka, na mwaka mzima sikumbuki kumsikia sauti. Akiitwa jina anainua kidole tu. Nilijua anaishi na nyanya yake, cucu kama wanavyosema kule, huko nyuma ya mashamba ya chai, na zaidi ya hapo sikuwa na habari. Ile mbao ilikuwa kavu kau, laini, imepigwa randa. Niliigonga kwa kucha ikalia. Nikamsimamisha mbele ya paredi na kusema, "Mnaona uwajibikaji? Huyu hakungoja jua." Wakampigia makofi ya kilo, moja, mbili, tatu. Yule mtoto alitazama viatu vyake, kisha akainua uso, na uso wote ulikuwa meno.

Alhamisi akaleta nyingine. Jumatatu nyingine. Kila mara ni yeye.

Na haki ya Mungu, alibadilika. Akaanza kunong'onezana na jirani yake. Akajibu swali la hesabu, akakosea, akajibu tena. Siku moja alinisimulia kutoka mlango wa darasa hadi ofisini jinsi paka wao alivyoanguka ndani ya pipa la maji, na akanicheka kwa kuwa sikucheka. Darasa zima lilichangamka naye, wakawa wanafika mapema waone leo ameleta nini. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba mpango wa maadili unafaulu. Niliandika kama mtu anayeandika idadi ya viti.

Mpishi ndiye aliyeninong'oneza. "Mwalimu, hebu angalia hapa. Tundu la msumari. Na hii pia. Hizi si kuni, zimetoka kwenye kitu."

"Pengine wana jirani fundi," nikasema.

"Pengine," akasema, akanitazama vile mtu anatazama mlango uliofungwa. Nikaenda zangu darasani.

Sasa nikikumbuka jibu hilo najichukia. Jirani fundi! Ningeuliza swali moja tu.

Jumatatu moja hakuja shule. Jumanne akaja mikono mitupu. Siku hiyo haikuwa ya kuni, ila uji ulipoiva alikwenda mwenyewe mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya wale wavivu sugu, na zamu yake ilipofika akafunika kikombe kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama hapo na daftari langu.

"Jana ukuni wako ulikuwa wapi?"

"Zimeisha, Mwalimu."

"Ni nini kimeisha?"

"Mbao za kitanda cha cucu."

Foleni yote ikaangua kicheko. Nilifoka, "Nyamazeni!" kwa sauti iliyomfanya hata mpishi aangushe mwiko. Kisha nikabaki nimesimama. Nilijua kwamba hapo nilipaswa kusikia kitu ndani yangu, na nilingoja, na hakikuja. Nikamwambia mtoto anywe uji wake. Saa tisa na nusu tukaondoka wote wawili kwenda kwao.

Njia ni ya kupita katikati ya majani chai, tope hadi kwenye vifundo. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, chumba kimoja na jiko. Kitanda kilikuwepo: miguu minne na fremu, na katikati hakuna kitu, unaona sakafu ya udongo. Godoro lilikuwa chini. Nililigusa, lilikuwa limenyonya maji ya ardhi kama mkate uliochovywa chai. Juu yake alilala bibi mzee, magunia mawili na leso juu yake, na kila pumzi aliyovuta ilikuwa inakwaruza. Alipoona mgeni akajaribu kuinuka.

"Karibu, mwalimu. Samahani, hata kiti hakuna."

Tulielewana vizuri, Kiembu chake na Kimbeere changu ni ndugu wa tumbo moja. Nikamuuliza kwa ukali, maana ukali ndio pekee niliokuwa nao: "Mama, mtoto anang'oa kitanda chako wewe unaangalia?"

Alikohoa kwanza, kwa muda mrefu. "Mtoto ataweza misumari ile? Nilikuwa naing'oa mimi."

"Wewe?"

"Mwalimu, huyu tangu mama yake amwache hapa alikuwa haongei. Nikimwita anakuja, nikimtuma anaenda, lakini mdomo, hapana. Siku moja akakosa ukuni mkavu, akalia, nikamtolea mbao moja, nikasema ni ya leo tu. Jioni akarudi akaniambia wamempigia makofi. Akaongea! Akaongea mpaka chakula kikapoa. Ningefanya nini? Nikamwambia, Alhamisi utapeleka nyingine." Akavuta pumzi. "Kitanda kitaniongelesha?"

Nilitoka nje nikampigia simu mwalimu mkuu, akaja na pikapu ya jirani yake anayebeba majani chai, tukampakia bibi mzee kati yetu. Hospitalini wakasema ni nimonia, mapafu yote mawili, na katika umri ule wasingetuahidi kitu. Wakamwekea oksijeni. Mtoto akaenda kukaa kwa mpishi.

Alhamisi paredini nikatangaza kwamba sheria ya kuni imekwisha, na kwamba kosa lilikuwa langu. Watoto walinikodolea macho. Hawajazoea mwalimu akikosa. Mwalimu mkuu alikohoa, akawaambia waimbe, wakaimba. Fundi akaenda kurudishia kile kitanda mbao mpya, nami nikamshikia misumari nikihesabu nafasi zilizokuwa wazi. Zilikuwa nane. Na yule msichana alirudi kwenye kiti chake cha nyuma na kidole chake. Hakuwa amenuna. Alikuwa amezima tu, na mimi nilimjua vizuri mtu aliyezima.

Jumamosi nikampeleka hospitali saa ya kuwaona wagonjwa. Nyanya yake alikuwa amelala, mipira puani, ngozi ya mikono nyembamba kama karatasi. Nesi aliyekuwa akipima joto alisema, "Tungoje tuone." Tukakaa kwenye benchi. Mtoto aliutazama ule mpira wa hewa, akaufuata kwa macho kutoka puani hadi ukutani na kurudi. Kisha akaongea, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Mwalimu, ni mimi nilimfanya awe mgonjwa?"

Mwezi wa nne mama yangu aliponiita niende nyumbani nilimwambia nimalize kwanza kusahihisha mitihani, nikafika amekwisha kufa. Swali hilo nililijua kwa sauti yake, kwa uzito wake, kwa kila kitu. Mimi mwenyewe sikuwa nimethubutu kulitoa mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Si wewe. Ni mimi."

Alinitazama sana. Nilidhani atalia, ama atanikataa. Akafikiri kama anavyofikiri kwenye hesabu, midomo ikicheza.

"Basi mwambie pole."

"Amelala."

"Akiamka."

Tukangoja. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, na nesi akatupita mara mbili bila kusema kitu, Mungu ambariki. Karibu saa kumi bibi mzee alifungua macho, akamtafuta mjukuu wake, akamwona, ndipo akaniona na mimi. Mtoto akanisukuma kwa kiwiko. Nikainama. Nilitaka kusema kwa adabu, kama mwalimu. Neno likakwama, nikalisema tena, na mara ya tatu halikuwa neno tena, lilikuwa kilio, kile kibaya cha kamasi na mabega, cha miezi mitatu yote. Niliumwa kila mahali. Nilimshika bibi wa watu mkono na nikashindwa kuuachia.

Yeye alinivumilia kidogo. Kisha akasema taratibu, sauti yake ikiwa nyembamba chini ya ile mipira:

"Sasa mwalimu unalia nini, na mimi sijafa?"

Yule mtoto akacheka. Mimi sikuweza kunyamaza.