Gari Linalokohoa Asubuhi

Gereji nzima walimwita Tulia, jina la kejeli tupu, maana kutulia hakukuwamo mwilini mwake. Chai aliinywa huku anatembea. Alikuuliza swali, na kabla hujafungua mdomo ameshajipenyeza chini ya gari lingine.

Wiki ile ndiyo alizidi. Dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya wazazi, alizimikiwa na gari katikati ya makutano ya barabara kuu, alfajiri, lori likimjia. Dereva wa lori alishika breki mpaka matairi yakalia.

"Wewe linakusalimia kwa adabu, mimi linanitukana," dada alimwambia. "Umebadilisha plagi, umesafisha sijui nini, na nikilileta hapa linanguruma kama paka aliyeshiba. Unanifanya nionekane mwongo, mdogo wangu."

"Sijasema wewe mwongo, Dada."

"Hujasema. Uso wako ndio unasema."

Tulia aliinama akajidai anatafuta spana. Tabu ya gari lile ilikuwa ya asubuhi tu. Likishapata moto linapona, na mpaka lifike gereji limeshapata moto zamani. Akamwomba dada aliache lilale hapo, alisikilize mwenyewe likiwa baridi.

Kesho yake alifika akihema. Gari lilikuwa uani tayari, linawaka, limetulia kuliko yeye.

Karakana yao ilikuwa finyu, magari yalilala yamebanana kama sabuni kwenye boksi. Kwa hiyo anayefika kwanza huyawasha yote, akayatoa nje. Na wa kwanza siku zote alikuwa yule mpaka rangi wa gereji, mtu mpole asiyejua kugombana.

"Nimekupashia injini, kaka," alisema akitabasamu. "Usianze siku na chuma baridi."

Tulia alishika kichwa. Utamfokeaje mtu kwa wema wake? Kisha wazo likamchoma: magari mangapi yalilala hapa na kikohozi chao, yakapashwa moto hivi hivi, wakayarudisha kwa wenyewe wakiapa ni mazima?

Jioni aliondoka na ufunguo mfukoni. Asubuhi iliyofuata walilisukuma gari nje kwa mikono, yeye na mpaka rangi. Akaweka kiganja juu ya injini. Baridi kama mtungi. Akawasha.

Lo! Lilitetemeka, likakohoa, likataka kuzima, likashtuka tena.

"Ndiyo hiyo!" Tulia alipiga kelele.

"Mwenzetu unafurahia ugonjwa?"

"Nipe chupa yako ya kunyunyizia maji, haraka!"

Akanyunyizia maji mipira inayopeleka hewa kwenye injini, mmoja mmoja, sikio limeinama. Hakuna. Hakuna. Alipofika kwenye mpira uliojikunja nyuma ya injini, maji yalifyonzwa na mtetemo ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Akapapasa upande wa chini, kidole kikazama kwenye ufa. Mpira ukipata joto hutanuka ukaziba. Ukiwa baridi unafyonza hewa isiyotakiwa, na injini inakabwa.

Alifunga mpira mpya kabla chai haijapoa. Mchana dada akaja na sare yake ya kazi.

"Limepona?"

"Sijui."

"Hujui? Fundi gani wewe?"

"Bado lina moto, Dada. Mpaka lipoe kabisa."

Siku hiyo haikwisha. Kila dakika Tulia alirudi kugusa boneti, akaenda, akarudi.

"Ukilishikashika hivyo litapoa saa ngapi?" mpaka rangi akamcheka. "Ni gari hilo, si mtoto mwenye homa."

Alfajiri dada alikuja. Tulia alimpa ufunguo, kisha, bila kukaribishwa, akaingia kiti cha pembeni. Gari liliwaka mara moja, bila kikohozi. Dada hakutabasamu.

"Nitaamini nikishavuka," alisema.

Kwenye makutano taa ilikuwa nyekundu. Injini ilikuwa bado baridi. Tulia aliweka kiganja juu ya dashibodi akisikiliza kwa ngozi. Mguu wake ulichezacheza mpaka dada akaupiga kofi. Upande wa kulia malori yalikuwa yamejipanga.

Taa ikageuka. Dada akakanyaga mafuta, na gari likavuta, likavuka, likafika ng'ambo. Akaliegesha kando, akashusha pumzi ndefu.

"Dada," Tulia alisema, "mimi nilidhani ni uendeshaji wako."

"Najua," dada akajibu, akamfungulia mlango. "Shuka sasa, nachelewa zamu."