Siku Niliyomgeuza Bibi Zawadi Ndani ya Drami

Mpaka leo nikiwaona kina mama wa kwaya ya Kakuma huwa navuka barabara, na aibu yenyewe nilijitakia, sikusukumwa na mtu.

Mimi ni mpigapicha wa Lodwar, na nilijifunza kusafisha picha za platinamu na paladiamu, zile zisizofutwa na jua (na jua letu mnalijua). Karatasi unaipaka madini hayo, unaianika juani chini ya negativu, kisha unaikunja ndani ya kopo refu la plastiki tunaloita drami, sura ikitazama ndani, unamimina dawa kidogo na kuibingirisha mezani. Huku kwetu maji yanabebwa kwa mitungi, kwa hiyo drami inatufaa sana.

Bibi Zawadi, Mkongo wa kwaya hiyo, alitaka picha ambayo mjukuu wake Neema angeondoka nayo, maana kesho yake binti alikuwa anapanda ndege kwenda kuishi ng'ambo, na hakuna aliyejua kama wataonana tena. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi moja tu. Mwenye akili angejifungia chumbani akafanya kazi yake, lakini mimi (sifa zitaniua) nikaalika kwaya nzima kanisani waje kuona maajabu.

Karatasi ilipotoka juani sura ya bibi ilikuwa inaonekana kwa mbali, nikaanza kuikunja, na hapo ndipo bibi akasimama.

"Juu ya nini sura yangu inaenda ndani? Mimi napatiaka wageni mgongo? Apana, mtoto wangu, geuza!"

Nilijua kabisa dawa haitaifikia sura iliyobanwa kwenye ukuta wa kopo, lakini ningembishiaje bibi wa watu mbele ya kwaya, tena kanisani? Nikajiambia dawa itajipenyeza yenyewe, nikageuza, nikafunga, na kina mama wakaibingirisha drami wakiimba beti tatu nzima.

Nilifungua kwa madaha. Kilichotoka kilikuwa sikio moja na pembe ya kitambaa cha begani, kwingine ukungu mtupu, na kanisa likalipuka kwa kicheko, hata pasta akashika nguzo.

"Hiyo sikio ni yangu," bibi akasema kwa upole, "lakini mimi mwenyewe niko wapi?"

Neema peke yake hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hapo nilijichukia kweli. Nikairudisha karatasi sura ndani, nikamimina dawa tena na kuibingirisha mwenyewe, na safari hii hakuna aliyeimba. Bibi akatoka mzima, mzuri, ila mstari mweusi umempitia begani pale dawa ilipoingia mara ya kwanza. Akaniomba msamaha yeye, na mimi ndiye niliyekosa! Nampenda yule bibi.

Siku hizi mzee yeyote akiniagiza chochote natii, isipokuwa agizo likigusa drami. Juzi Neema alinitumia picha ya sebule yake: bibi ametundikwa ukutani mkabala na mlango, na kila mgeni anayeingia anakutana na uso wake.