Mto Uliopimwa Masika

Nilipanda treni Tunduma nikiwa na begi moja na tabia yangu ya kutodumu mahali. Ikaharibika Makambako, tukalala kwenye mabehewa siku mbili. Nilipoteremka Ifakara miguu ilikuwa imevimba, viatu nimeshika mkononi. Mama mmoja mjane aliyeuza maandazi stesheni akaniambia, "Mwanangu, hiyo miguu haifiki popote leo." Akanipa chumba kwake Kivukoni. Nikakaa miaka minne.

Alilima mpunga kando ya mto, shamba aliloachiwa na mumewe. Mpunga ukikomaa nilikaa juu ya dungu nikigonga bati kufukuza ndege, naye akiniletea samaki wa kuchoma na utani: "Ndege wameshakuzoea, wanakuita mjomba."

Kisha halmashauri ikaahidi kurudisha uoto wa mto. Ndani ya mita sitini kutoka mtoni hakuna kulima tena, itapandwa miti. Sikupinga. Nilikuwa nimeona kambale wakipungua kila mwaka. Nikaomba kibarua cha kushika kamba ya kupimia, nikapata.

Walikuja kupima masika. Kila mtu bondeni anajua kwamba masika mto huu hutoka ukatembea. Mpimaji akaniambia nishike kamba pale maji yalipoishia, hatua chache kutoka mpunga wa mama. Ukingo wenyewe ulikuwa mbali kule ndani, penye mkuyu uliobaki kichwa tu. Nilijua. Nikashika. Kigingi chekundu cha mpaka kikaangukia nyuma ya shamba lake, shamba zima likawa ndani ya zile mita sitini.

"Bwana," mama alimwambia mpimaji, "mnaupima mto ukiwa matembezini. Rudini kiangazi muukute kwake."

"Mama, mimi nina ratiba."

Akanigeukia. "Mwanangu, wewe unaujua. Mwambie."

Nikasema kamba imeshasema. Vibarua wenzangu wakacheka.

Aliruhusiwa kuvuna mara ya mwisho. Kiangazi mto ukarudi kwake, na miche iliyopandwa juu ya mabua ya mpunga wa mama ikakosa wa kuimwagilia. Maji yalikuwa mbali mno kwa ndoo. Ng'ombe wakala majani, jua likamalizia vijiti. Mama akahamia kwa binti yake Lipangalala, akawa anapepeta mchele wa watu mashineni.

Siku niliyoondoka nilimpitia hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Zamani angeuliza nimekula nini. Aliendelea kupepeta, pumba zikinirukia shatini. Nilisimama mpaka akamaliza ungo ule. Akajaza mwingine. Nikaenda stesheni.