Kolekole Niliyemrudisha Baharini

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwa simu mgeni mmoja akimbusu samaki aitwaye kolekole na kumrudisha baharini, watu wakimshangilia. Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Mimi shule niliacha mapema, lakini chakula sichezei.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akikata mkonge Vipingo, huko pwani, nasi tulitoka kwetu Kola, bara, ambako samaki hatukuwajua, kumtembelea. Alasiri ile, pale mwambani, alivutana na samaki mkubwa mweupe mpaka uzi wa ndoana ukamkata viganja, kisha akamtua juu ya mwamba. Harufu ya samaki huyo ilinichefua. Karibu na mkia alikuwa na meno kama ya msumeno, na nyanya alikuwa amenifundisha kwamba samaki ni nyoka wa maji. Nikajua sumu iko hapo.

Baba alipokwenda kumwita jirani, mvuvi, aje amtambue, nilimsukuma yule samaki kwa fimbo akatumbukia baharini.

"Iko wapi?" baba akauliza.

"Nimekuokoa, baba. Ilikuwa nyoka. Ilikuwa na msumeno kwa mkia."

Jirani akashika kichwa. "Kolekole huyo! Mwanao katupa kitoweo cha mtaa mzima!"

Hakuna aliyenishangilia. Jioni tulikula ugali na chumvi, na kwa kuwa viganja vya baba vilikuwa vimefungwa vitambaa, mimi ndiye niliyemlisha, tonge kwa tonge.