Siku Niliyombeba Mama Mkwe Mgongoni

Nikiri mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine mkacheka kupita inavyostahili: mimi ndiye yule Bwana Shamba aliyeimbwa na wanawake wa bonde la Rukwa, yule aliyembeba mama mkwe wake mgongoni mbele ya kijiji kizima, na digrii yake kichwani na viatu vyake vya ngozi vikining'inia shingoni kwa kamba kama kuku wanaopelekwa mnadani. Wengi walioucheza wimbo ule walidhani ni hadithi ya kutunga. Laiti ingekuwa hivyo.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu, nikapangiwa kazi ya kilimo katika wilaya yangu mwenyewe ya Mbozi, jambo ambalo wazee wa kwetu Isansa walilihesabu kuwa ushindi wa ukoo mzima. Vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinaanza, na kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya watu waliolima tangu sijazaliwa nikawafundisha kupanda mahindi kwa mistari. Nilikuwa nimemchumbia Ester, mwalimu wa shule ya msingi pale Tunduma, binti wa Kinamwanga mwenye sauti ndogo na macho yasiyovumilia upuuzi. Sehemu kubwa ya mahari ilikwisha kupokewa, harusi ilikuwa ifungwe kanisani baada ya mavuno, na kilichobaki ni mimi kuingizwa.

Kuingizwa huku, kila nikiwaeleza rafiki zangu wa pwani, hudhani natia chumvi. Kwetu, kwa Wanyiha kama kwa Wanamwanga, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawaketi mahali pamoja, hawapeani mkono, hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja hupinda akaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite, na aliyepinda hajachukia, ameheshimu, kwa maana mtu humkwepa aliye wake, asiye wake hana haja ya kumkwepa. Hali huendelea hivyo mpaka siku wanawake wa upande wa binti wapike, wamwite mkwe kwa nyimbo na kumwingiza nyumbani, ndipo mambo hulegea kidogo. Siku yangu ilikuwa bado. Mama yake Ester nilimjua kwa mgongo tu: mgongo mpana, ulionyooka, ukitoweka mlangoni kila nilipobisha hodi.

Sasa, nilipokuwa nikisoma Dar es Salaam nilikuwa nikiwaona wageni asubuhi wakikodi boti, wao peke yao bila kuchanganyika na abiria wengine, wakipelekwa kwenye visiwa vidogo na kurudi mchana wamebabuka pua na wamefurahi. Nilijiambia kwamba siku nikiwa mtu, na mimi nitatembezwa visiwani. (Huko ndiko kuwa mtu nilikokuelewa, msinilaumu, elimu ya juu huja na magonjwa yake.) Basi msimu huo familia ya Ester ikashuka bondeni, chini ya Kamsamba, kumwangalia mjomba wake mgonjwa, na mimi, kwa bahati ambayo niliisaidia kidogo, nikawa na kazi ya mpunga hukohuko. Ziwani kulionekana visiwa vitatu. Kijijini kulikuwa na boti ya mbao yenye mashine, mali ya ujamaa, ambayo wavuvi waliitumia kuzifikia nyavu za mbali. Nilimwendea mwenyekiti nikaiomba kwa nusu siku, kwa ajili yangu na wageni wangu tu, naye hakuweza kunikatalia, kwa sababu mbele yake sikuwa kijana mwenye uchumba, nilikuwa Serikali.

Safari ilipangwa iwe ya watu watatu, yaani mimi, Ester na baba yake, mzee aliyevunjika mguu katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka akarudi nyumbani na fimbo na mzaha mwingi. Asubuhi tulipofika ufukweni tulimkuta mwenye kuongoza boti, ambaye watu wote walimwita Kapteni ingawa maisha yake yote alikuwa ameongoza boti hiyo moja. Tulimkuta pia, nyuma ya uchanja wa kukaushia samaki, mtu amesimama kimya amevaa nguo za kanisani. Niliutambua ule mgongo.

Ester akanijia uso umemwiva. "Mama anataka kuja," akasema.

"Kuja wapi?"

"Visiwani. Kile cha mwisho chenye mikwaju kilikuwa kilima cha nyumbani kwao, kabla ziwa halijapanda likakizunguka. Alizaliwa pale. Tangu aolewe hajakanyaga."

Kapteni alilipokea jambo hilo kama mtu anayepanga mizigo. "Rahisi, Bwana Shamba. Nawapeleka akina mama na mzee kwanza, wanatembea, nawarudisha, halafu nakuchukua wewe."

"Na mimi nitembezwe na nani, wewe?"

"Kwani mimi nina ubaya gani?" akasema, na mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo.

Niliwaza nitakavyokaa ufukweni asubuhi nzima nikinusa samaki huku safari yangu mwenyewe ikiendelea bila mimi, nikaona haiwezekani. Nikatoa uamuzi, mdogo, wa dakika moja: "Tupande wote. Mama atakaa mbele atazame mbele, mimi nitakaa nyuma nitazame nyuma. Tutapeana migongo. Hapo mila imevunjwa wapi?"

Mzee alinitazama. "Na boti ikiamua kugeuka, mwanangu?"

"Boti haina mila, baba."

Akacheka tena, nami nikadhani nimeshinda hoja. Mama yake Ester aliposikia (kwa kinywa cha Ester, bila shaka) alilitazama ziwa, kisha akajifunika kitenge kichwani mpaka usoni akapanda. Leo najua kilichompandisha. Alikitamani kile kilima kuliko nilivyotamani mimi kutembezwa.

Tukaondoka. Natamani mngeniona mtembezaji mwenyewe, nimekaa kinyumenyume nikiukazia macho mkia wa povu, huku nikihutubia kwa sauti ya mhadhara juu ya ndege na samaki na asili ya bonde, ambavyo vyote vilikuwa upande wa pili. "Kushoto kwenu mnawaona mwari!" nikapaza. "Kushoto kwako au kwetu?" akauliza mzee. Kutoka mbele kabisa ikasikika sauti nzito ya kike, ikisemezana na maji: "Ester, mwambie mwenzio hao si mwari, ni korongo." Ester akageuka: "Mama anasema ni korongo." Nikajibu, "Mwambie nashukuru." Alikuwa umbali wa mtu kulala chali, na kila neno lilipitia ofisi ya Ester kama barua ya serikali.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa matete na kinyesi cha ndege, na cha pili mchanga mtupu. Kila mahali ilibidi wao washuke mimi nikibaki, kisha warudi wafunike nyuso mimi nishuke, hivyo nusu siku ikaliwa na heshima tukafika kisiwa cha mikwaju jua limeshaanza kuinama. Mama alishuka pamoja na mumewe na Ester. Mimi nilibaki na Kapteni, nimeupa mgongo ufuko. Mwanzo nilisikia kicheko cha mwanamke, cha kisichana kabisa, ambacho sikukitarajia kutoka kwa mgongo ule. Kisha nikasikia akionyesha, "Hapa palikuwa na jiko, hapa mama yangu alikuwa akitwanga." Kisha nikasikia kilio.

Kapteni alilamba kidole akakiinua juu. "Upepo unakuja, Bwana Shamba. Waite."

"Waite wewe."

"Mimi nimwite mama wa watu anayelia kwao? Wenye safari ni ninyi."

Na mimi ningemwitaje? Mkwe hapazi sauti kumwita mama mkwe. Nikaita, "Ester! Ester!" kwa adabu, na Ester, aliyekuwa amemshika mama yake, akainua mkono kwamba tusubiri. Tulisubiri. Upepo haukusubiri.

Waliporudi ziwa lilikuwa limebadilika rangi. Mawimbi ya Rukwa ni mafupi na yana hasira, yakaingia botini, yakailowesha mashine, mashine ikakohoa ikanyamaza, tukasukumwa kuelekea kijijini tutake tusitake, mpaka boti ikakwama kwenye matope, mbele ya kijiji kabisa, mahali ambapo ufuko unaonekana karibu na haufikiki. Na ufukweni palikuwa pamejaa. Wavuvi walikuwa wamesubiri boti yao wakaopoe nyavu, samaki walikuwa wakiharibika majini, na wake zao walikuwa wametoka na masufuria kuja kuwatazama waliosababisha.

"Mabepari hao!" mtu akapaza sauti. "Wamekwenda kupunga upepo na boti ya ujamaa!"

Kapteni akaruka ndani ya maji kuishika boti isizungushwe. "Shukeni, iwe nyepesi! Haraka, hapa ni pa mamba!" Ester akashuka, maji yakamfika kiunoni, akamwongoza baba yake na fimbo yake wakatangulia. Nami nikavua viatu, nikavitundika shingoni, nikashuka upande wa nyuma huku nimefumba macho kama mtu anayeoga hadharani. Kisha nikasikia kishindo, na sauti ya Ester ikivunjika: "Mama!"

Nikageuka. Hapo ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza. Kitenge kilikuwa kimechukuliwa na maji, matope yalikuwa yamemmeza mpaka mapajani, na kila alipojitahidi yalimmeza zaidi. Uso ulikuwa wa Ester, uliozeeka. Mumewe alikuwa mbali na mguu wake mbovu, Ester hakuwa na nguvu za kumng'oa, na Kapteni nilipomwambia amsaidie alinijibu, "Nikiiachia boti ya kijiji nafungwa!"

"Ester," mama akasema, macho ameyafumba kwa nguvu, "mwambie asinisogelee."

"Mama, unazama!"

"Mwambie!"

Nilimsogelea. Nilimng'oa, nikamgeuzia mgongo wangu, nikamvuta mikono yake shingoni juu ya viatu vyangu, nikaanza kutembea. Njia nzima alikuwa akisema sikioni mwangu, si kwangu, "Ester, mwambie anishushe. Ester, mwambie anishushe," na Ester akitembea pembeni analia, hana la kufikisha.

Labda wangenyamaza, kama ufukweni kusingekuwa na mwanamke mmoja asiyetufahamu, aliyeona kijana amembeba mwanamke mwenye nguo nzuri akadhani ni mzaha wa arusi, akapiga kigelegele. Wenzake wakakipokea. Kisha mmoja aliyenifahamu akapasua kicheko: "Jamani, huyo si bibi arusi, huyo ni mkwewe! Bwana Shamba kaoa mama!" Hapo kijiji kizima kikalipuka, masufuria yakapigwa, na kabla sijamshusha kwenye mchanga maneno yalikwisha kupata mdundo. Nilipomshusha alikaa palepale, akajifunika uso kwa viganja. Mumewe, mtu wa mizaha, alivua koti lake akamtupia kichwani, na hakutania tena mbele yangu tangu siku hiyo.

Wimbo ulipanda mlima pamoja na magunia ya mpunga, ukafika Tunduma kwenye malori kabla yangu. Mshenga wangu alikwenda na mbuzi wa kuomba radhi, na wazee, kwa haki, waliona mbuzi anatosha; walisema kuokoa mtu si kumvunjia heshima, na kwamba mama akipumzika tutaingizana tu. Yeye ndiye aliyekataa. Mshenga alinirudia na maneno yake, na sijayasahau: "Mwambieni nashukuru amenitoa majini, bila yeye ningekufa. Mwambieni pia asije tena, kwa sababu sina uso wa kumficha. Umekwisha kuonekana."

Nilimfuata Ester shuleni. Nilikuwa nimejiandaa na hoja, na zote zilikuwa nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, chaki mkononi.

"Hata mimi nasema ulifanya sawa," akasema. "Lakini mama hatoki nje. Kisimani nakwenda mimi, kanisani hakanyagi. Ukija kunioa atatoka lini?"

"Watu husahau, Ester."

"Watu husahau. Yeye je?"

Aliolewa ng'ambo, Nakonde, na mtu aliyejuana na baba yake. Mimi nilioa baadaye, Mlowo, nikaingizwa kwa taratibu zote bila kuomba ipunguzwe hata moja, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nimepona.

Kisha juzi, katika msimu huu wa kupanga foleni kwa kila kitu, nilikuwa Tunduma kikazi nikasimama katika foleni ya sukari nje ya duka la ushirika. Mbele yangu, watu wachache tu, nikaona mgongo mpana, umeinama kidogo sasa. Mwili wangu ulitangulia akili: nilitoka kwenye foleni, nikatafuta ukuta wa kujibanza. Lakini yeye alikuwa amegeuka. Hakujifunika, hakutazama pembeni, hakumtafuta mtu wa kumtuma maneno. Alinitazama usoni, waziwazi, kama anavyotazamwa muuza mkaa au karani yeyote, mtu asiye wake.

"Hujambo, Bwana Shamba?" akasema. "Mbona unatoka? Rudi, sukari itakwisha."

Nikamjibu sijambo, nikarudi kwenye nafasi yangu. Akaniuliza habari za kazi na za watoto, nami nikamwambia wote wazima. Watu waliokuwa katikati yetu walituona kuwa watu wawili tu wanaosalimiana. Nimeapa tangu siku ile ya ziwani kutompandisha mtu katika chombo changu kabla sijajua anachokwenda kukitafuta, na kiapo hicho nitakishika, kingawa hakimsaidii yeyote. Nilipata kilo yangu ya sukari. Yeye alikuwa ametangulia kuondoka, akaniaga kwa kunipa mkono, na katika maisha yangu hakuna kofi lililoniuma kama mkono ule.